Ndama wa Mzee Ngosha na miwa namba saba

Queen, weka hicho kikombe chini. Eugenia wetu leo kaumbuka huku Misungwi 😂😂

Si unajua miezi yote hii anahesabu machipukizi kwenye miwa ya majaribio? Yale yanayoota muwa ukishakomaa, yanakula sukari bure. Aina yenye mengi inatupwa.

Basi leo wakubwa wamekuja. Eugenia kifua mbele, mabuti mapya, anawapeleka kwenye aina namba saba. "Tazameni, hakuna hata chipukizi moja!"

HATA MOJA, Queen. Namba tatu ilikuwa na manne, akaandika ing'olewe. Vibarua wameshaenda na majembe.

Wakubwa wanapiga makofi. Mara Mzee Ngosha, mlinzi wa shamba, anatabasamu: "Asante mwanangu. Hiyo naisafisha mwenyewe kila asubuhi."

"Unasafisha nini, mzee?"

"Machipukizi. Yanaota mengi ajabu, halafu laini. Ndama wangu anayapenda kweli. Tangu Pasaka sijakata nyasi."

Tangu Pasaka, Queen! Kila asubuhi!

Mkubwa mmoja akageuka pembeni kukohoa, kumbe anacheka. Eugenia akauliza kwa sauti ndogo, "Na namba tatu je?"

"Ile sijawahi kuigusa. Machipukizi manne tu, ndama atashiba nini?"

Weee! Eugenia alishika sketi akakimbia katikati ya miwa, buti moja likabaki kwenye tope, anapiga kelele, "Acheni majembe! Acheni!"

Kaokoa mashina sita.

Na sasa hivi yule mkubwa aliyecheka anaomba apelekwe akamwone huyo ndama. Eti ndiye mtafiti.