Wakwe Walioishia Nyundo

Gisenyi, Jumapili baada ya misa

Dada yangu mpendwa Kabatesi,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, goti limepunguza kukusumbua, na migomba yenu huko Karagwe imepata mvua. Sisi huku tunapumua, Mungu hajatuacha, ingawa siku hizi sala zangu ni za kulalamika zaidi kuliko za kushukuru.

Kila ukipiga simu unaniuliza wakwe wa binti yako Mwiza watarudi lini kumposa, maana umeshanunua kitambaa. Nami nakwambia mtandao unakatika. Haukatiki, dada. Mdomo ndio umeshindwa, basi nimechukua kalamu.

Unajua Mwiza, tangu aje kukaa kwetu kusoma, anachezea chuo chake mpira wa kikapu. Walikuwa wanacheza mbele ya viti vitupu, mpaka mwalimu wao wa michezo, Régis, akaja parokiani kutuomba mawazo: wafanye nini ili watu wafurahie kutazama? Mimi nikatoa ngoma za kwaya yetu. Mukakalisa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akasema sisi wengine hatuelewi filimbi inalilia nini, awepo mtu wa kutueleza. Wote tukamgeukia mume wangu. Nani tena kama si shemeji yako Védaste? Ndiye msemaji wa familia kwenye posa za mji mzima. Akishika kipaza sauti, hata bibi harusi anayelia anacheka.

Bon, mwanzoni ilikuwa raha, siwezi kukana. Aliwapa wasichana majina ya sifa, kama ng'ombe wa mfalme. Wakati wa mapumziko alimwita mvuvi mmoja atupe mpira, na alipokosa akamwambia arudi kwa sambaza wake, wao hawadai shabaha. Mpira wa Mwiza uliporuka uzio, akatangaza kwamba umevuka mpaka kwenda Goma bila karatasi. Nilicheka mpaka kitenge kikalegea. Watu wakajaa hadi juu ya ukuta.

Lakini desturi ya posa unaijua. Familia mbili zinakaa zikitazamana. Msemaji wetu akirusha utani, msemaji wao anaurudisha. Hakuna anayechekwa bila mtu wa kumjibia. Uwanjani Védaste alikuwa anarusha peke yake. Msichana ana mpira mkononi na jasho machoni, atajibu na nini? Nilimwambia nyumbani, kwa upole. Akasema nimwache, watu hawatoki makwao kuja kutazama ukimya.

Jumamosi moja mchumba wake Mwiza, Byiringiro, akamleta baba yake, mzee Sebagabo, amwone mkwe wake akicheza. Unakumbuka siku ya posa walivyogeuza: walikuwa wametoka Kanama, wamefika Nyundo mbele ya kanisa kuu, fanta na bia ziko garini, simu ikawaambia mama yake mzee Sebagabo amefariki. Wakarudi kuzika, tukakubaliana tungoje matanga yaishe. Simu yao aliipokea Védaste mwenyewe.

Basi Jumamosi hiyo Mwiza akapewa mitupo ya adhabu. Wa kwanza ukagonga chuma, ukarudi. Wa pili hivyo hivyo. Védaste akapaza sauti kwamba tumzoee huyu, mpira wake unafika mlangoni halafu unageuza, kama wakwe zake walioishia Nyundo na fanta zao.

Yee, dada! Uwanja ulilipuka. Hawakujua kuna msiba. Kwao alikuwa msichana aliyeachwa njiani. Na ngoma zangu mwenyewe zikapigwa. Mwiza akageuka kunitafuta mimi, kisha akamtafuta mzee Sebagabo. Mzee alikuwa amevua kofia kwa ajili ya joto. Akaivaa, akainuka, mwanawe akamfuata. Mwiza akauweka mpira chini, taratibu, akatoka.

Sasa nisikufiche: wakwe hawaji tena. Védaste alienda Kanama kuomba msamaha, na huko nako akaanza na mzaha kidogo, maana hajui kuingia kwa mlango mwingine. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema siku ile walirudi kuzika, hawakukataa mtu. Sasa ndipo wanakataa. Byiringiro alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake.

Mwiza ameondoka kwetu, amehamia kwa rafiki yake Claudette. Mpira ameacha. Anasema hamlaumu mzee, na hapo ndipo ninapolia.

Ngoma nimezirudisha kanisani. Sasa wanapiga ndoo. Uwanja unajaa kuliko zamani, na wako wanaouliza yule msichana wa Nyundo yuko wapi. Védaste bado anatangaza. Leo baada ya misa Régis alinisimamisha, akauliza kama nina wazo jingine la kufanya mchezo ufurahishe zaidi. Nikamwambia aweke kiti cha pili na kipaza sauti cha pili, akae mtu wa kuwajibia wasichana. Alicheka sana, akasema mama, hilo nalo lingechekesha kweli.

Kitambaa usikikate, dada. Kikunje, ukiweke mahali nondo asipokila. Wasalimie wa nyumbani wote, na umwombee binti yako. Sala ya mama ina njia zake. Bikira Maria akufunike.

Mdogo wako akupendaye,
Mukamusoni