Ndimi za Maembe

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na watoto. Nataka kujua mnaendeleaje na joto hili, na kama yule mdogo ameacha kukohoa. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha ikifika jioni kwa sababu ya kushona sare za shule, ambazo mwaka huu zimeletwa zote kwa pamoja, utadhani watoto walikubaliana kuchanika siku moja. Mama naye yupo. Anakula, anatembea kwa kujikongoja kutokana na magoti, na mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Najua unashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe una haraka, na mimi nikisikia sauti yako huwa nasahau kilichonikasirisha. Afadhali niandike, huenda nikafika mwisho. Nakuomba usome yote, hata kama uko kazini.

Msimu huu maembe yaliiva kwa pupa. Muuza matunda wa pale kona, yule mama mnene aliyekuwa akikufukuza na ufagio, alishindwa kuyauza, yakawa yanabonyea mezani na kuvuta nyuki. Akamwambia Mama ayachukue bure kabla hajayamwaga, pamoja na mapera yaliyolainika mpaka huwezi kuyashika bila kuacha alama ya kidole. Mama alirudi amefurahi kama mtu aliyepewa kiwanja. Nilimsihi mwaka huu apumzike, kwa maana vidole vyake asubuhi havikunjuki mpaka aviloweke kwenye maji ya moto. Akaniuliza, sasa nani atakutengenezea wewe ndimi zako. Jina hilo ulilitoa mwenyewe ulipokuwa huna meno ya mbele, kwa vile vipande vya matunda yaliyokaushwa vilikuwa vyembamba na vinakunjika kama ulimi, na Mama hajawahi kuviita kitu kingine.

Basi tukaanza. Kazi hii hujawahi kuifanya, wewe ulikuwa wa kula, kwa hiyo ngoja nikueleze. Unamenya, unakata palipooza na kutupa, maana doa moja likipenya linachachusha sufuria zima. Unaponda, unachuja kwa kitambaa ili nyuzi za embe na mbegu za pera zibaki nje. Unachemsha kwa moto mdogo na maji ya limau huku unakoroga bila kuacha, na ule uji hurukaruka na kuunguza mikono. Kisha unaupaka mwembamba kwenye masinia yaliyopakwa mafuta, unayafunika kwa kipande cha chandarua na kuyapandisha juu ya bati la stoo ya nyuma. Jua likizama unayashusha, likichomoza unayapandisha. Mama hawezi tena ngazi, kwa hiyo nilipanda mimi, naye alikaa chini kwenye kiti na fimbo ndefu akifukuza ndege na nyigu, huku akinielekeza kana kwamba naegesha lori. Fundi wa bati alipokuja kuziba panapovuja, Mama alimwambia akikanyaga sinia hata moja atalipwa kwa fimbo ileile. Maskini alifanya kazi nzima akitembea kwa ncha za vidole.

Zilipokauka, Mama alizikata, akazinyunyizia unga kidogo zisigandane, akazikunja mojamoja kwenye karatasi. Zile za katikati ya sinia, laini, zinazong'aa, ziliingia kwenye kifurushi chako. Za pembeni, ngumu kama soli, alinipa mimi. Tangu utoto wetu mimi ni mtu wa pembeni ya sinia, na meno yangu, namshukuru Mungu, ni mazima.

Miaka yote Mama alikuwa akikipeleka kifurushi mwenyewe kwenye ofisi ya mizigo ya mabasi. Safari hii magoti yalimkatalia, nikaenda mimi. Karani wa pale, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alisoma jina lako juu ya karatasi, wala hakukigusa kifurushi. Akauliza kama mimi ni binti wa yule mama anayetembea kwa shida. Niliposema ndiyo, akafunga dirisha lake na kuniomba nizunguke nyuma.

Stoo yao ina harufu ya magunia na mafuta ya taa. Alisogeza matairi mawili matatu, akanionyesha kifurushi cha msimu uliopita, na kile cha msimu wa kabla yake, vyote vina mwandiko wa Mama, jina lako limepigiwa mstari kama anavyopenda. Kimoja kilikuwa kimetobolewa na panya, kingine kimevimba kwa unyevu. Karani alinieleza kwamba ofisi ya huko kwenu ilikupigia simu mara nyingi. Mwanzoni ulisema utapita. Baadaye ukasema uko safarini. Mwisho ukawaambia watupe tu, ni matunda ya kukausha, na huko yamejaa madukani. Wao hawaruhusiwi kutupa mzigo wa mtu, kwa hiyo wakaurudisha ulikotoka. Yeye alitaka kumwambia Mama akashindwa, kwa kuwa kila akileta mzigo wako Mama alikuwa anamwachia na yeye ndimi chache za kumshukuru, na hakujua aanzie wapi.

Nilirudi na kifurushi cha mwaka huu kwenye mkoba wangu wa vitambaa. Njiani nilikutukana, mdogo wangu, matusi ambayo sitayaandika. Mama aliponiuliza kama kimeondoka salama, nilimjibu kimeondoka. Nikakisukumia chini ya kitanda changu, nyuma ya kopo la vifungo, nikakusudia kukupigia hasira ikipoa, tuongee mimi na wewe. Ukaniwahi.

Ulipiga siku ya mapumziko, sote tukiwa sebuleni. Mama aliweka spika, kama kawaida yake, ili na mimi nifaidi. Ulimwambia, kama kila msimu, kwamba mzigo umefika. Ulisema safari hii ndimi zimekuwa laini kuliko za mwaka jana, na kwamba watoto wamezigombania mpaka mama yao akazificha juu ya kabati. Hilo la kabati ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtu anayedanganya kwa haraka hafiki kwenye kabati. Ulikaa ukalifikiria.

Mama alicheka. Akakuambia ule taratibu, usimalize zote siku moja. Akauliza habari za watoto, akakuita baba yangu kama siku zote, akakuombea, simu ikakatika.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama alikuwa amejifunika shuka magotini. Alilifunua, na kifurushi kilikuwa pale mapajani mwake. Kilikuwa pale muda wote uliokuwa ukimsifia. Alikikuta asubuhi ile alipoingia chumbani kwangu kutafuta kifungo cha gauni lake. Alidhani nimeiba. Aliniambia hivyohivyo bila kuzunguka, kwamba alidhani nimechoshwa na za pembeni, nikaamua kukificha nile mwenyewe, na alikuwa akisubiri umalize kuongea ili anigombeze. Kwa hiyo nashukuru. Kama si uongo wako, mimi ndiye ningekuwa mwizi wa nyumba hii.

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza kama vile vya zamani vimeharibika kabisa, nikasema kabisa. Akafungua kamba kwa meno, akatoa ulimi mmoja wa katikati ya sinia, akaninyooshea. Nikasema sitaki. Akasema, "Kula. Usinilazimishe nizitupe kwa mkono wangu." Nikala. Nilitamani ziwe mbaya, lakini zilikuwa tamu sana.

Zilizobaki alizipeleka kwa yule mama wa kona awagawie watoto anaowafukuza. Aliporudi alinikataza kukuambia. Nikamuuliza, na nilimpandishia sauti, kama ataendelea kukaa na simu anasikiliza uongo mwaka hadi mwaka. Akanijibu polepole, "Tukiliondoa hilo, mwanangu, mimi na yeye tutaongea nini?"

Sikuombi uje, na msamaha wako sijui nitauweka wapi. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukipiga simu tena, usimsifie ndimi. Tafuta jambo jingine la kumwambia mama yako, hata kama ni dogo, mradi liwe la kweli.

Msalimie wifi yangu, sina neno naye. Nawabusu watoto. Salamu za Mama sikuletei, kwa sababu hajui kama nakuandikia.

Ni mimi,
Dada yako