Klabu ya Shabaha na Nyasi Nilizompa Jirani

Bi Nesta mpendwa,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara mbili, hii ni ya tatu, naomba unisaidie kwa sababu hapa bondeni kwetu kuna mtu mmoja tu ninayemweleza mambo yangu mazito, na huyo mmoja ndiye niliyemkosea.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minne, nafuga kondoo kama mashamba yote ya huku Wales ya kati, pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa ya nyumbani, na tangu mume wangu Gethin afariki miaka mitatu iliyopita nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naiacha redio ikizungumza peke yake jikoni, ndipo fundi wetu wa matrekta, anaitwa Selwyn, akaniambia mama, wewe una mlima, una upepo, huna jirani wa karibu wa kulalamikia kelele, kwa nini usifungue klabu ya kupiga shabaha, ile ya visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa mashine, watu wanavipiga kwa bunduki, sheria inaruhusu siku kadhaa kwa mwaka na wengi wameshafanya hivyo kwenye mashamba yao. Nikakubali, na Bi Nesta nisikufiche, ile miezi ilikuwa ya furaha, kila Jumapili baada ya ibada walikuja watu kumi na tano, ishirini, nikawakatia mkate wa matunda na kuwapa chai, wakavua mabuti mlangoni kwangu, wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Tulifikiria kila kitu, ndicho kinachoniuma zaidi, tulifikiria njia ya waendao kwa miguu, tulifikiria farasi wa yule dada wa ng'ambo ya mto, tulifikiria bima na masikio ya wapigaji na saa za ibada, Selwyn akapima upepo na jua kisha akawasimamisha wapigaji kwenye tuta nyuma ya ghala wakielekeza bunduki juu ya malisho ya chini, kwa sababu majira ya baridi malisho yale huwa hayana mnyama hata mmoja. Hakuna aliyekumbuka kwamba Juni malisho hayohayo ndiko tunakokata nyasi za kulishia ng'ombe baridi ikirudi, hata mimi sikukumbuka, mimi niliyeyakata kwa miaka thelathini.

Sasa kuna jirani yangu, nitamwita Idwal, hajaoa, anafuga ng'ombe wa nyama ambao amewalea tangu enzi za mama yake, alikuwa rafiki wa Gethin tangu shule na ananiita shemeji, na tangu Gethin aondoke yeye ndiye anayekuja na mashine yake Julai kuninyolea kondoo wote, na unajua desturi ya huku, aliyekunyolea humlipi kwa fedha, unamlipa kwa kazi au kwa nyasi, na humpi mabaki, unampa zilizo bora. Nyasi zangu bora ni za malisho ya chini. Nikampa marobota ishirini na manane ya sileji, yaani nyasi mbichi za kuvundikwa, yamefungwa vizuri kwa plastiki nyeusi, nikajiona nimemheshimu, akaniambia, "Shemeji, hizi hata mimi ningezila kwa siagi," kwangu nikabakiza mawili tu.

Krismasi ndama wangu akaanza kusaga meno na kuzungukazunguka kama asiyeona, akafa, nikadhani ni mapafu, nikaita gari la mizoga likamchukua. Wiki mbili baadaye nikaenda kwa Idwal kupeleka mayai nikakuta mitamba wake watatu wamesimama wakisukuma ukuta kwa vichwa, macho wazi lakini hayaoni, na daktari wa mifugo alikuwepo, ameshachukua damu siku iliyotangulia, akasema ni sumu ya risasi, yaani madini yenyewe ya risasi yameingia mwilini, akamuuliza Idwal kama kuna betri kuukuu mahali au rangi ya zamani ambayo ng'ombe wanailamba. Idwal akafikiri, akageuka akautazama mlango wa banda.

Bi Nesta, mlango ule mama yake aliupaka rangi ya kijani kila Pasaka mpaka alipokufa, rangi juu ya rangi, na ubavuni mwake kuna alama za kisu alizomwekea Idwal kila alipotimiza mwaka, za kumpima urefu, mpaka akampita mama mwenyewe.

Nilirudi nyumbani sijui nilipita wapi, nikaenda kwenye robota langu lililobaki nusu, nikazikung'uta nyasi kwenye ndoo ya bati, nikasikia zinagonga, tik, tik, nikainamisha ndoo nikaona punje za risasi zimekusanyika pembeni, nyeusi, ndogo kama mbegu za figili. Nikampigia Selwyn. Akasema, "Mama, usimwambie mtu. Ukisema tu, klabu imekwisha, na jina lako limekwisha."

"Na ng'ombe wa Idwal?"

"Daktari si ameshasema ni rangi?"

"Hakusema ni rangi, Selwyn, ameuliza tu."

"Basi mwache Idwal ajijibu."

Kesho yake asubuhi Idwal akanipigia, akasema njoo unishikie upande mmoja, mlango huu ni mzito na mgongo wangu huu wa kunyoa kondoo haufai tena, na mimi nikaenda. Nilikwenda nikijua. Tukaung'oa, tukaubeba mimi huku yeye kule mpaka nyuma ya ghala lake, akauegemeza, akazipapasa zile alama kwa kidole, akasema, "Kumbe mama ndiye kaniulia ng'ombe. Kila Pasaka na kopo lake, anaimba nyimbo za kanisani, kumbe anatupaka sumu." Kisha akaniambia, "Sogea shemeji, vipande visikurukie," akaupasua kwa shoka.

Tangu siku hiyo zimepita siku kumi na moja. Wamekufa wanne, na waliobaki ni kumi na watano, na anaendelea kuwalisha marobota yangu asubuhi na jioni kwa sababu anaamini sumu imeshaondoka na mlango. Bado anayo tisa, nimeyahesabu nikipita barabarani. Nikifungua kinywa nampoteza Idwal na klabu na pengine shamba, nikinyamaza sijui, Bi Nesta, nimejaribu kunyamaza na nimeshindwa. Je, hakuna namna ya kuyaondoa yale marobota bila yeye kujua, labda nimwambie nimeishiwa nyasi anirudishie? Nijibu upesi.

Mjane wa Bondeni

*

Mjane wa Bondeni,

Pole kwa Gethin, na pole kwa ile redio ya jikoni, naijua, nilikaa nayo miaka miwili mimi mwenyewe. Sikulaumu kwa klabu. Mtu mpweke akisikia watu wanavua mabuti mlangoni kwake hawezi kufikiria nyasi za Juni. Umekosea kwa kutokujua, na kosa la namna hiyo huwa linasameheka.

Lakini siku ile ya ndoo ya bati ulijua. Tangu hapo si bahati mbaya tena, dada yangu, ni wewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na wewe unaficha maradhi ambayo hata si yako, ni ya ng'ombe wa mwenzio.

Unaniambia nikujibu upesi. Barua yako ina mhuri wa Jumatatu. Imenifikia Alhamisi. Gazeti hili linatoka Jumatano. Hizo ni siku tisa, na kwa siku Idwal analisha mara mbili, kwa hiyo wakati unasoma hapa wale kumi na watano wangekuwa wameinamia nyasi zako mara kumi na nane zaidi. Ulikuwa na simu, mama. Selwyn ulimpigia siku hiyohiyo.

Hilo la kumwomba akurudishie nyasi kwa kisingizio umeishiwa, liache kabisa. Angekurudishia bila kuuliza, kwa jinsi ulivyomweleza, tena angekuletea kwa trekta lake mwenyewe. Halafu daktari angeendelea kumtibia ng'ombe kwa kubahatisha, na Idwal angeendelea kumlaumu mama yake mpaka naye azikwe karibu naye.

Selwyn naye mwambie nimesema hivi: fundi mzuri wa matrekta ashike spana, mambo ya ushauri atuachie sisi. Jina lako halitakwisha kwa kusema. Litakwisha siku mtu mwingine atakapolikung'uta robota lingine kwenye ndoo nyingine.

Na siku hiyo imeshafika. Sikujui jina, lakini mhuri wa posta una jina la mji, na mji huo una madaktari wa mifugo wawili. Niliwapigia wote Alhamisi ileile kabla sijavua koti. Sikukutaja, nisingeweza. Niliwaambia tu kwamba kuna mfugaji anayedhani ni rangi ya mlango, waende wakatazame ndani ya marobota. Mmoja akasema, "Asante, namjua." Unaweza kunikasirikia. Siri za wasomaji wangu nimezitunza miaka ishirini na miwili na nitazitunza tena, ila siri inayokula mara mbili kwa siku mimi siitunzi.

Kwa hiyo acha kujiuliza kama umwambie. Habari za nyasi pengine ameshaambiwa. Kama ni hivyo, ameshajua zimetoka shamba gani, na anakaa pale jikoni kwake akingoja aone kama utakuja. Nenda leo, kwa miguu, bila mayai na bila mkate wa matunda, usimpelekee mtu kafara ya keki. Mwambie tangu tuta la ghala mpaka ndoo. Mpe daktari karatasi yenye tarehe zote ulizokata nyasi na kila shamba lililopata hata robota moja, na wale ng'ombe wako wawili usiwasogeze tena karibu na lile robota nusu. Muulize Idwal anahitaji nini msimu huu, na atakachosema ufanye, hata akisema usikanyage kwake.

Klabu ifunge Jumapili hii. Ukija kuifungua siku moja, chagua: ardhi ya kupigia visahani au ardhi ya kukata nyasi. Ardhi moja haiwezi kuwa zote mbili, na malisho ya chini yameshachukua upande, usiyakate tena mpaka wataalamu wapime udongo wake.

Lakini haya yote ya ng'ombe na udongo Idwal anaweza kuyasamehe, wafugaji wanajua kufiwa na mifugo. Lile atakalokuuliza ni jingine. Atakuuliza kama ulijua siku mlipobeba mlango. Usijitetee, usiseme ulichanganyikiwa. Sema ndiyo. Kisha mwambie mama yake hakumuua ng'ombe hata mmoja, umwambie kwa kinywa chako wewe, kwa sababu hilo hakuna daktari atakayekumbuka kumwambia.

Nesta