Mdogo Hula Kwanza

Mhunze, Kishapu

Baba Aneth,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa mchimbaji mwenzako Enock barua hii akuletee huko machimboni Nyarugusu. Sisi hatujambo, mbuzi wazima, na mtama umetoa masuke.

Wale vifaranga wa kambare uliosema watakufa, hawajafa. Walipokuwa wembamba kama uzi niliwapa kiini cha yai la kuchemsha, kidogo tu, maana kikizidi maji yananuka. Walipoota sharubu nikawakatiakatia minyoo. Sasa wanagombania dagaa wa kusaga. Katikati hapo walianza kupungua, jirani yetu Zipora akasema ni ugonjwa. Ugonjwa gani? Niliinamia beseni nikaona mmoja mnene ana mkia wa mwenzake mdomoni! Tangu hapo nawachambua kwa ukubwa, kila kundi na beseni lake, na wadogo nawalisha kwanza.

Nimesikia una mtoto wa kike huko, na mama yake amefariki. Usimfokee Enock, nilimbana mwenyewe hadi akasema. Kuhusu kunificha kwako tutazungumza hapa nyumbani, na siku hiyo utanyamaza unisikilize.

Lakini mtoto asilelewe na majirani wa machimboni wakati mimi nipo. Mlete kabla mvua hazijaharibu barabara. Aneth ameshasogeza godoro lake, na sahani nimenunua. Usiogope kwamba ataonewa. Kwangu mdogo hula kwanza.

Ni mimi mkeo,
Mama Aneth, na mama wa huyo ambaye hata jina lake hukunitajia.