Mama Hajachoka

Kawangware,
8 Oktoba 1995

Kwako Haboba Zeinabu,

Salamu kutoka kwetu. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi ni wazima, ila kikohozi cha vumbi tu. Najua umekasirika. Mwezi wa saba Khamala, baba Boaz, alipata kazi ya ujenzi Riruta, tukahama ploti yako mbiombio, na sikukaa hata kunywa ile chai ya kuagana uliyonipikia. Nisamehe. Kazi ya kiwandani niliacha. Siku hizi nauza viazi hapa steji ya 56, na Boaz nashinda naye.

Shida ni yeye. Wiki jana nilimpeleka nasari. Mwalimu Nduku alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, akalishika bila taabu. Akaruka kwa mguu mmoja, akafunga vifungo vya shati, akapanga vifuniko vya soda kwa rangi. Nikaanza kutabasamu. Kisha akaulizwa jina lake, kimya. Mama yako anaitwa nani, kimya. Mwalimu alinieleza bila ukali kwamba mtoto wa miaka minne anafaa kutaja jina lake na kusimulia kidogo alichofanya jana. Nimrudishe tarehe nane Desemba. Asiposema, hana nafasi.

Khamala ameamua kwamba asipochukuliwa, Januari anaenda Kimilili kukaa na nyanya yake. Haboba, mtoto wangu haendi popote. Wewe, haboba wa ploti nzima, yaani nyanya wa wote, ulimlea mchana tangu ana miezi sita. Niambie ukweli, aliwahi kuanguka akaumia kichwa, ukanificha?

Mimi mwanao,
Mama Boaz

Mashimoni, Kibera,
15 Oktoba 1995

Mwanangu Mercyline,

Salaam. Anayeandika ni mjukuu wangu Hadia, anayesema ni mimi, na nimemwambia asipunguze ukali. Magoti ni yale yale. Chai yako ilipoa nikaimwaga. Barua yako nimeletewa na Mahdi wa hapa uani, na hii pia ataileta yeye akija huko kuuza viatu vyake vya mitumba.

Boaz hakuanguka. Na swali hilo limeniuma, nakwambia wazi.

Eti hasemi? Huyo mtoto alinichosha masikio. Paka akipita, hadithi. Chapati ikiungua, hadithi. Ila anasimulia kwa Kinubi, maana uani kwangu sisi Wanubi ndicho tunachosema, na wewe ulitoka alfajiri kwenda Industrial Area ukarudi jua limezama. Kumbe hukujua?

Sasa sikiliza. Usimwamrishe aseme. Mwambie unachofanya wakati unakifanya, kwamba hiki kiazi kikubwa, hiki kimeoza, sasa tunaosha, sasa tunapanga. Muulize kitu, halafu umngoje, hata akichelewa, wala usimjibie. Akionyesha kwa kidole, kipe jina kile alichoonyesha. Hadia amekuandikia maneno yetu ishirini kwenye karatasi nyingine. Mtajie la Kinubi kwanza, kisha la Kiswahili. Na umlete kwangu Jumapili.

Haboba wenu

Kawangware,
29 Oktoba 1995

Haboba,

Natumai hamjambo nyote. Sisi tupo.

Barua yako nilimsomea Khamala. Alicheka, kisha akasema hiyo ndiyo sababu zaidi ya kumpeleka Kimilili, akajifunze Kibukusu cha watu wake. Nimemkatalia. Hajazoea kukataliwa, kwa hivyo nyumba haina raha.

Lakini nawe nimekukasirikia. Nimezaa mimi, nikanyonyesha mimi, maneno yakaenda kwako. Kila jioni nilimchukua hapo kwako akiwa kimya, nikajisifu kwa majirani kwamba nina mtoto mtulivu. Kwa nini kwako aliongea na kwangu hataki? Nimemkosea nini? Hii ni wiki ya pili namtajia viazi mpaka wateja wananicheka, naye ananitazama tu. Jumapili sitamleta. Karatasi ya Hadia nimeificha chini ya godoro. Nitamfundisha mwenyewe, kwa maneno yangu.

Mama Boaz

Mashimoni, Kibera,
19 Novemba 1995

Mercyline mwanangu,

Salaam kwako na kwa Khamala. Nimekaa wiki tatu bila kukujibu. Hadia amekuja na kalamu mara mbili nikamfukuza.

Uliuliza kwa nini kwako alinyamaza. Jibu ninalo, na kosa si lako. Ulikuwa ukirudi miguu imevimba, na kwetu mtu aliyetoka kazini hapigiwi kelele na watoto. Basi kila jioni nikisikia viatu vyako mlangoni, nilimwekea Boaz kidole mdomoni nikamwambia, "Nyamaza, mama amechoka." Kila siku, zaidi ya miaka mitatu. Nilidhani nakusaidia. Mtoto alishika adabu niliyompa na anaishika hadi leo. Naona aibu kuandikisha haya, tena kwa mkono wa mjukuu wangu.

Sitakuja kumchukua, wala sitaki awe wangu. Mahdi amekuona hapo 56 umemkalisha juu ya gunia unamwonyesha viazi, watu wanacheka na wewe huachi. Usiache. Lakini itoe ile karatasi chini ya godoro. Leo nimeongeza sentensi moja ya Kinubi, umwambie kwa lugha ile ile aliyonyamazishwa nayo. Maana yake ni, mama hajachoka.

Haboba

Kawangware,
10 Desemba 1995

Haboba wangu,

Pokea salamu zetu, na hii dawa ya kuchua magoti.

Nilikasirika tena siku mbili, nisikufiche. Siku ya tatu nilikuwa nafua, nikamkalisha karibu na beseni, nikasema sentensi yako. Nadhani niliitamka vibaya kwa sababu alicheka. Nikairudia. Akaangalia mlangoni kama anayengoja mtu amkataze. Kisha akaniambia maji yamemwagika, kwa Kinubi, na neno la maji nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi. Nikamjibu kwa Kiswahili, ndiyo, yamemwagika, tuyafute. Nililia huku nafua. Haboba, ana sauti nzito. Sikujua mtoto wangu ana sauti nzito.

Tangu siku hiyo ni kazi tu, neno lako kwanza, langu pili. Khamala akirudi naye anaulizwa maswali mpaka anaomba kupumzika, na Kibukusu mtoto anakiokota hapo hapo.

Ijumaa tulienda nasari. Jina? "Boaz Khamala." Mama yako? "Mama Boaz." Mwalimu akacheka. Jana ulifanya nini? Akaangalia mlangoni. Niliuma leso nisimjibie. Ndipo akasema, "Tulipanga viazi. Kimoja kimeoza. Mama hajachoka."

Mwalimu Nduku hakuelewa hiyo ya mwisho, lakini aliandika jina lake kitabuni. Kimilili Boaz atakwenda Krismasi kusalimia, kisha atarudi na sisi. Khamala mwenyewe ndiye aliyemwandikia mama yake hivyo.

Jumamosi tunakuja kwako, na safari hii chai nitakunywa. Tutatembea kwa miguu kutoka huku, kwa hivyo nitafika nimechoka sana. Usimnyamazishe.

Mwanao,
Mercyline