Farasi wa Warumi Matangani kwa Zuwena

Firq, Nizwa

Dada Mwanaisha,

Zuwena wangu kafa. Homa, Jumatano, tukamzika siku ile ile.

Shikamoo dada. Wewe na watoto hamjambo? Mie mwili mzima, ila watu wamenichosha.

Sikiliza. Huku mgeni akiingia, mwenye nyumba humuuliza khabari. Naye hujibu hapana ila kheri, basi, kahawa inapita. Khabari yenyewe hasemi mtu. Sasa kaja shemegi Khalfan, kaka yake Zuwena, anasomesha tarikhi, mambo ya kale, skuli huko Ibra. Nikamuuliza khabari, kama ada. Akanitolea khabari za vita vya Warumi. Na mgeni akishaanza khabari zake hakatizwi.

Ati jeshi lao watu wa miguu ndio wenye kazi. Farasi wanakaa pembeni, kulia na kushoto, kulinda mbavu, na kupeleleza njia, na kufukuza wanaokimbia. Na wapandaji hawana hata pa kutilia mguu. Mzee jirani yangu akasema basi hao wataanguka wenyewe, adui akae angoje tu. Watu wakacheka, matangani kwa mke wangu. Khalfan haachi. Ati siku moja watu wa kutoka Afrika waliwatimua wale farasi wa pembeni, wakazunguka nyuma, wa miguu wakachinjwa katikati kama mbuzi. Kahawa imenipoa mkononi, namngoja amalize.

Kumbe ana kwake anakokwenda. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Na wewe huna farasi pembeni. Asma nampeleka Ibra kwa mama, bibi yake."

Mwanangu Asma, meno ya mbele yametoka hata hayajaota mengine. Nikamwambia haendi.

"Kutwa uko kwenye saruji. Nani atamsuka?"

"Nitamsuka mie."

Yule mzee jirani akasema mkewe atakaa na mtoto mpaka nirudi alasiri, na maneno yaishe. Khalfan akaondoka, kikombe cha pili hakushika.

Leo nimemsuka. Mistari yote imekwenda upande. Akanicheka, halafu akalia anamtaka mamake. Niandikie, dada, pale karibu na sikio mtu anaanzaje.

Nisalimie shemegi, mumeo. Bibi yetu aliyetulea mwambie wewe, taratibu, mie siwezi. Asma anakuamkia.

Kesho narudi kazini.

Mdogo wako,
Hamadi