Msalaba Uliosimikwa Nikiwa Kirumba

Kirumba, Mwanza

Dada yangu mpendwa Perusi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kukusumbua na kwamba mvua haikuulaza muhogo wako. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeona nikuandikie kwa kuwa maneno niliyokupa kwenye simu yalikuwa machache mno kwa mtu aliyewasimamisha wageni kaburini kwa mkewe, wakimngojea yeye.

Siku ile ya kusimika msalaba nilikusudia kufanya kazi asubuhi tu, kisha nipande gari la Majita pale Igoma nije huko kwenu. Yalibaki madirisha ya juu ya jengo moja linalotazama ziwa, ambayo wadudu wa ziwani walikuwa wameyagandia hadi yakawa meusi. Sisi huosha tukiwa chini, kwa mti mrefu wenye brashi kileleni. Pampu husukuma maji hadi huko juu, na kisanduku kidogo huiongoza. Siku hiyo kila nilipoiwasha, kisanduku kiliizima na kuonyesha kwamba njia ya maji imefungwa.

Sikukiamini. Bomba lilikuwa wazi, nililiona kwa macho yangu. Nikabadili betri, nikasugua nyaya, nikakipangia kipimo upya, tena na tena. Tabu, mama ninayefanya naye kazi, akanicheka.

“Babu, hicho kisanduku unakibembeleza kuliko mchumba. Si uushushe huo mti tuangalie brashi?”

“Nikiushusha, mama, nani ataupandisha tena? Wewe?”

“Mimi nina mgongo wa kanisani, sio wa kazi.”

Tulicheka, nami nikaendelea kuinamia kisanduku. Kusema kweli, nilikuwa navihurumia viungo vyangu. Nilipokata tamaa na kuushusha ili niufunge niondoke, nikakuta vitundu vyote vya brashi vya kutolea maji vimezibwa na wale wadudu. Nikavizibua kwa mwiba, na maji yakaruka mara moja. Kisanduku kilikuwa kimesema kweli tangu asubuhi. Nilipofika Igoma, gari lilikuwa limekwisha kwenda.

Najua mchungaji alikuwa na ibada nyingine, nanyi hamkuwa na namna. Shemeji alifanya vema kutia saruji ya kwanza ya msalaba mahali pangu, ijapokuwa kwetu mkono huo ni wa mume. Naomba unitangulie kumwomba radhi, kwani naona haya kuanza mwenyewe. Jumamosi nitakuja, na Ijumaa sitagusa kazi.

Unakumbuka, dada, marehemu hakupata kuonja chakula kabla sijanawa mikono. Hata nilipochelewa alifunika sahani akaketi. Ndilo linaloniuma: jambo lake la mwisho limeanza bila mimi.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe aliyekaa juani akinitazamia njiani. Mwambie mkwewe anamwinamia kwa heshima.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukuheshimu na kujuta,

Zakaria